Sukari Siku ya Kiharusi

Wazee wawili wanaweza kuanguka asubuhi moja, mtaa mmoja, wakafanana kama mapacha. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea, maneno yanatoka kama ya mtu mwenye uji wa moto kinywani. Majirani wanakimbia na kikombe cha maji ya sukari. Kwa mzee wa kwanza, aliyemeza kidonge chake cha sukari alfajiri na hajatia kitu tumboni, kikombe hicho ni dawa: baada ya robo saa huenda akakaa kitako na kuuliza kwa nini watu wamejaa sebuleni. Kwa mzee wa pili kikombe hichohicho kinaweza kuteremkia mapafuni badala ya tumboni, na damu ambayo tayari ina sukari nyingi ikaongezewa nyingine.

Wa kwanza sukari ilishuka. Wa pili amepata kiharusi.

Kwa macho peke yake hata daktari mzoefu anaweza kushindwa kuwatofautisha. Kinachowatofautisha ni tone la damu ya kidole na mashine ndogo inayoenea kwenye mfuko wa shati. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya tiba ya kiharusi inasema kipimo cha damu ambacho lazima kijulikane kwa kila mgonjwa kabla ya kumpa dawa ya kuyeyusha bonge la damu ni sukari. Vipimo vingine, kwa wagonjwa wengi, vinaweza kufuata baadaye.

Mwongozo huu unamlenga mtu mwenye kisukari na, zaidi yake, yule anayeishi naye: mke, mtoto, mkwe, mjukuu aliyeachiwa nyumba. Kiharusi kinapokuja, mgonjwa mwenyewe mara nyingi hawezi kusoma chochote.

Mfongo ulioziba

Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake yote. Chakula chake kikuu ni sukari, nao hauna ghala la maana. Huletewa na damu saa zote, usingizini na macho.

Anayeijua Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anaijua mifongo, ile mifereji ya kale inayoteremsha maji hadi kwenye migomba. Gogo likiziba mfongo, shamba linalotegemea maji yale peke yake hukauka upesi. Mashamba ya pembeni, yanayopata unyevu kidogo kutoka kwa jirani, hubaki katikati: majani yamesinyaa, mizizi ingali hai. Bonge la damu likiziba mshipa wa ubongo, mambo huwa hayohayo. Kiini hufa ndani ya dakika chache, na pembezoni mwake hubaki eneo lenye njaa ambalo bado linaweza kuokolewa kwa saa kadhaa. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu kwamba, katika kiharusi cha mshipa mkubwa ambacho hakijatibiwa, chembe za neva takriban milioni 1.9 hufa kila dakika. Mzigo atakaobeba mgonjwa mwaka ujao, wa kutembea na fimbo au wa kulishwa kitandani, unategemea sana kiasi cha eneo hilo la pembezoni kitakachopona.

Sasa iingize sukari nyingi katika eneo hilo. Mtu angedhani ni neema, kwamba wenye njaa wameletewa chakula. Lakini kinachokosekana pale ni hewa ya oksijeni pia, na sukari bila oksijeni ni kama mkaa mwingi kwenye jiko lililofungwa mlango wa hewa: hauwaki sawasawa, unajaza chumba moshi. Chembe za ubongo huichoma sukari nusunusu na kubakiza asidi, na asidi hiyo huua zile zilizokuwa zinang'ang'ania uhai. Kuta za mishipa nazo hulegea na kuvujisha, hivyo uvimbe na damu kuvuja ndani ya ubongo huongezeka. Na damu yenye sukari nyingi huganda kwa wepesi, huku bonge lililokwishajifunga likiyeyuka kwa shida. Mgonjwa huyo akipewa dawa ya kuyeyusha bonge, uwezekano wa kuvuja damu ni mkubwa kuliko kwa mwenye sukari ya kawaida.

Hospitali hupima ukali wa kiharusi kwa alama kuanzia 0 hadi 42, kwa kuangalia macho, uso, mikono, miguu, usemi na ufahamu. Wenye sukari ya juu siku ya kulazwa, wakilinganishwa kwa kundi, huondoka hospitali na hali mbaya zaidi, au hawaondoki kabisa. Na hapo kuna jambo linalowashangaza wengi: si lazima awe mgonjwa wa kisukari. Mwaka 2001 watafiti wa Kanada walikusanya tafiti nyingi zilizotangulia wakakuta kwamba, miongoni mwa watu wasiojulikana kuwa na kisukari, waliofika na sukari iliyopanda walikuwa na hatari ya kufa mapema takriban mara tatu ya wale ambao sukari yao ilikuwa ya kawaida.

Mwili ukishtuka humwaga homoni za hofu, adrenalini na kotizoli, na ini hufungua akiba yake ya sukari. Kiharusi ni mshtuko mkubwa. Kwa hiyo bibi ambaye hajawahi kuambiwa ana sukari anaweza kufika hospitali akiwa na mmol/L 12 kwenye mashine. Huenda ni mshtuko tu. Huenda pia alikuwa na kisukari miaka mitano bila kujua, na kiharusi ndicho kilichomfichua.

Mbio zisizo na tija

Hapo familia nyingi, na zamani madaktari wengi, hufikiri hivi: kama sukari ya juu inaharibu ubongo, basi ishushwe haraka, kwa nguvu zote. Inaingia akilini. Ilijaribiwa, na majibu yake yanafaa kukaa kichwani kwa kila anayeuguza.

Uingereza walijaribu kwanza kwa wagonjwa 933, wengine wakipewa dripu ya insulini ndani ya saa 24 za kiharusi. Matokeo yaliyotoka mwaka 2007 hayakuonyesha nafuu yoyote, ingawa wakosoaji walisema jaribio lilisimama kabla ya kufikisha idadi iliyokusudiwa na sukari haikushushwa vya kutosha. Marekani wakaja na jaribio kubwa zaidi, lililojulikana kwa jina la SHINE: wagonjwa 1,151, hospitali 63. Kundi moja lilipewa insulini ya mshipani saa baada ya saa ili sukari ikae kati ya 4.4 na 7.2. Kundi la pili lilichomwa insulini ya kawaida chini ya ngozi, na sukari ikaachwa ifike karibu 10. Baada ya siku 90, waliopata matokeo mazuri katika kundi lililobanwa walikuwa asilimia 20.5, katika kundi la pili, asilimia 21.6. Yaani hakuna tofauti. Kilichotofautiana ni madhara: katika kundi lililobanwa, asilimia 2.6 sukari yao ilishuka hadi kiwango cha hatari, na katika kundi la pili hakuna hata mmoja. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2018 kwa kuwa kuendelea kusingebadilisha jibu.

Ndipo madaktari wakatulia kwenye kiwango cha katikati. Katika saa 24 za kwanza, miongozo mingi hulenga sukari kati ya 7.8 na 10, na huhimiza kuinyanyua upesi ikianguka. Ndugu anayeona 9.5 kwenye karatasi ya wodini akaanza kuwagombeza wauguzi kwa nini hawachomi insulini anagombana na watu wanaofanya kazi yao vizuri. Agombe, na kwa haki, kama saa nane zimepita na hakuna aliyepima.

Uso, mkono, maneno, saa

Mwambie atabasamu. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, afumbe macho na kuishikilia hapo. Mwambie arudie sentensi nyepesi, hata "leo tumepika wali kwa maharage". Uso ukivuta upande mmoja, mkono mmoja ukishuka wenyewe, au maneno yakichanganyika, hesabu kwamba ni kiharusi hadi hospitali iseme vinginevyo. Kupofuka ghafla, kupepesuka ghafla na kichwa kupasuka kwa maumivu ambayo hayajawahi kutokea ni milango mingine ya ugonjwa huohuo.

Kisha tazama saa na uiandike. Saa inayotakiwa ni ile ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, wala si ile aliyookotwa chini. Aliyelala saa nne usiku akiwa mzima na kuamka saa kumi na mbili amepooza, saa yake inaanza kuhesabiwa saa nne usiku. Dawa ya kuyeyusha bonge hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu, na swali hili ndilo la kwanza litakaloulizwa mlangoni.

Gari likiwa linatafutwa, toboa kidole. Kifute kwanza kwa kitambaa chenye maji, ukikaushe. Kidole kilichotoka kumenya embe au kushika tende kitaipa mashine namba ya uongo, na mtu mwenye 5 ataonekana ana 15. Kama hakuna muda wa kuosha vizuri, futa tone la kwanza utumie la pili.

Namba ikiwa chini ya 3.9, sukari imeshuka, na hilo linatibiwa hapohapo. Mgonjwa akiwa macho kabisa, ameketi, anameza mate yake bila kupaliwa, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ndogo ya soda ya kawaida, ile yenye sukari halisi. Pima tena baada ya dakika 15. Anapaliwa, anasinzia, au udenda unamtoka? Usimpe kitu. Mlaze ubavu umkimbize. Hospitali wana sukari ya mshipani. Na hata akizinduka na kucheka, mpeleke, hasa kama dawa yake ni glibenklamidi. Kidonge hicho hufanya kazi kwa muda mrefu mwilini, na kwa mzee mwenye figo dhaifu sukari inaweza kushuka tena jioni baada ya asubuhi kuonekana amepona.

Namba ikiwa juu, hata ikiwa 18, kazi ya nyumbani imekwisha. Hakuna kuchoma insulini ya ziada, hakuna kidonge cha sukari juu ya kile cha asubuhi. Hakuna kula wala kunywa, maana koo nalo linaweza kuwa limepooza. Hakuna aspirini kabla ya picha ya kichwa: baadhi ya viharusi ni mshipa uliopasuka, na aspirini huongeza uvujaji. Na ile tabia ya kumwekea mgonjwa kidonge cha presha chini ya ulimi iachwe kabisa. Presha ikiporomoka kwa ghafla, lile eneo la pembezoni lililokuwa linaishi kwa matone linanyimwa hata matone.

Nyumba isiyo na mashine iondoke tu. Mtu anayetumia insulini au glibenklamidi, aliye macho na anayemeza vizuri, anaweza kupewa maji ya sukari njiani kwa tahadhari. Vijiko vitatu havitamwangamiza kama sukari ilikuwa juu, ilhali sukari iliyoshuka ikiachwa inaweza kuua. Mdomo ukiwa umepinda na sauti ya maji inasikika kooni, asipewe.

Wapi pa kumpeleka ni swali la kuulizwa kabla ya siku hiyo. Hospitali inayofaa ni yenye mashine ya picha ya kichwa, CT skani, inayofanya kazi na mtu wa kuisoma, hata kama ipo mbele kidogo ya zahanati ya jirani. Nchini Tanzania mashine hizo hazipo tena Muhimbili, KCMC na Bugando peke yake. Zimefika katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa.

Kuna mchepuko mmoja unaokula saa nyingi kuliko foleni ya barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha Dar es Salaam na Hai, ulikuta kwamba watu wengi wa mjini walikihusisha kiharusi na majini na uchawi, wakati wa Hai walikitaja zaidi pamoja na presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Mjini, palipo na hospitali kubwa, ndipo mgonjwa alipoweza kupitishwa kwanza kwa mganga. Anayetaka kusoma dua asome, na asome ndani ya gari linalokwenda.

Wodini

Siku mbili za kwanza hospitali, adui mkubwa wa mgonjwa anaweza kuwa chupa ya chai iliyoletwa kwa mapenzi. Shangazi amesafiri tangu usiku, ameamkia kupika uji wa ulezi, na hawezi kuondoka bila mgonjwa kuonja. Mpaka muuguzi au daktari apime kumeza kwake, uji huo unywe na wanaouguza. Kupaliwa kidogo kunaweza kuleta nimonia, na homa inayofuata itapandisha sukari upya. Asiyeweza kumeza atalishwa kwa mpira wa puani, na hapo insulini yake lazima ipangwe kwa saa za chakula hicho.

Kuna pia ombi la "dripu ya nguvu". Dripu hiyo kwa kawaida ni maji yenye sukari, na kwa mtu aliyetoka kupata kiharusi na sukari yake iko juu, nguvu hiyo anayo tele. Dripu ya maji ya chumvi ndiyo hutumika zaidi, isipokuwa sukari yake imeshuka.

Ulizeni maswali machache, kwa adabu na bila kuchoka. Sukari ilikuwa ngapi alipofika? Inapimwa kila baada ya saa ngapi? HbA1c imechukuliwa? Kipimo hiki cha mwisho husoma sukari iliyojishika kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa kuwa chembe hizo huishi takriban siku 120, huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hakidanganyiki na mshtuko wa jana. Bibi aliyefika na 12, kama HbA1c yake ni asilimia 5.4, mshtuko ndio uliozungumza. Ikiwa asilimia 9, amekuwa akitembea na wastani wa karibu 11.8 kwa miezi, na sasa ana magonjwa mawili ya kutibu. Kwa mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, kipimo hiki kinaweza kupotosha, daktari aambiwe.

Kazi inayofanyika bila king'ora

Anayeishi na kisukari ana hatari ya kiharusi cha kuziba kwa mshipa zaidi ya mara mbili ya asiye nacho. Hesabu hiyo ilitoka mwaka 2010, baada ya kuunganishwa taarifa za watu karibu 700,000 kutoka tafiti 102. Na ugonjwa wenyewe si mgeni hapa kwetu. Kati ya 2003 na 2006, timu iliyohesabu viharusi vipya nchini Tanzania ilipata, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 jijini Dar es Salaam.

Watu wa sukari wakisikia hayo huikazia macho namba moja tu, ile ya kidole. Hilo ni kosa la kueleweka, lakini ni kosa. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotoa majibu mwaka 1998, UKPDS, uliwafuata watu wa kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi. Kubana sukari kuliwapunguzia madhara ya macho na figo, lakini viharusi havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Katika sehemu nyingine ya uchunguzi huo, watu 1,148 wenye kisukari na presha waligawanywa. Waliobanwa presha walifika wastani wa 144/82, wengine 154/87. Tofauti hiyo ndogo, ambayo wengi wangeiita "si mbaya", ilipunguza viharusi kwa asilimia 44. Dawa za kushusha lehemu nazo zimo: jaribio la CARDS, mwaka 2004, liliwapa watu wa kisukari vidonge vya atovastatini vya miligramu 10 kwa siku, na viharusi vikapungua kwa takriban nusu.

Maana yake nini kwa mtu anayetoka kliniki na shilingi za kununua vitu viwili kati ya vitatu? Asiache dawa ya presha ili anunue stripu za kupimia sukari. Mashine ya presha ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko, inastahili kukaa kabatini pamoja na ya sukari, na nyumba nyingi zenye sukari hazina.

Sukari nayo ibanwe, kwa kiasi. Marekani, jaribio la ACCORD liliwabana watu 10,251 wenye kisukari na hatari kubwa ya moyo. Nusu walilengwa HbA1c chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 mbano huo ulisitishwa kwa sababu vifo vilikuwa 257 upande wao na 203 upande wa waliobanwa kiasi. Kwa watu wazima wengi lengo la kawaida ni karibu asilimia 7. Kwa mzee aliye peke yake, anayesahau kula, au aliyekwisha kupata kiharusi, daktari akisema asilimia 8 inatosha hajamkatia tamaa. Anamkinga na yaliyomkuta yule mzee wa kwanza wa kwenye kikombe cha sukari.

Stripu ni ghali, kwa hiyo zitumike kwa akili. Kupima kila siku alfajiri kabla ya chai hutoa picha moja ileile. Jumatatu pima kabla ya kula, Jumatano saa mbili baada ya ubwabwa wa mchana, Ijumaa kabla ya kulala, uandike. Mtu anaweza kuwa na 6.5 kila alfajiri na 14 kila mchana, akaapa mbele ya daktari kwamba sukari yake iko sawa.

Na someni vipimo vya mashine yenyewe. Afrika Mashariki tumezoea mmol/L. Mashine aliyoleta mjomba kutoka Marekani husoma mg/dL, na hapo sukari ya kawaida kabisa ya asubuhi huandikwa 95. Wapo wanaoona 126 na kupiga mayowe. Gawanya kwa 18: ni 7.0, ambayo ndiyo mstari wa kisukari kwa asiyekula usiku kucha. Hatari zaidi ni kinyume chake, mtu aliyezoea namba za mamia akaona 3.1 na kudhani mashine imeharibika.

Ramadhani ina hesabu yake, hasa pwani. Anayetumia insulini au glibenklamidi amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili dozi ya daku na ya futari zibadilishwe, au aambiwe asifunge. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kutoboa kidole hakubatilishi funga. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, miongozo ya kitabibu inasema afungue, hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari nayo ni mtego mtamu: tende, uji, kaimati, juisi ya ukwaju, kisha viazi vya nazi. Kuchagua wanga mmoja mezani badala ya minne si unyonge.

Kuna onyo moja ambalo watu hulisherehekea badala ya kuliogopa. Mkono unakufa ganzi, mdomo unavuta, nusu saa baadaye kila kitu kinarudi. Jamaa wanashukuru Mungu na kurudi shughulini. Hicho ni kiharusi cha kupita, na hatari ya kile kikubwa kufuata ni kali zaidi katika siku mbili za mwanzo. Safari ya hospitali ni ileile, siku hiyohiyo.

Aliyerudi nyumbani baada ya kiharusi abadilishiwe ratiba ya dawa kwa jinsi anavyokula sasa, si alivyokuwa akila. Hamu imepungua, kijiko kinashikwa na mkono usiozoea, na dozi ya zamani inaweza kumwangusha. Mguu uliopooza ukaguliwe kila jioni hadi kati ya vidole. Hausikii msumari wala maji ya moto, na kidonda cha mtu wa sukari hakihitaji mwaliko.

Nyuma ya mlango wa chumbani bandikeni karatasi moja. Majina ya dawa zote na dozi zake, na saa zinazomezwa. Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku. Jina la hospitali yenye CT skani, na ya pili endapo ya kwanza mashine imelala. Nafasi tupu ya kuandika saa aliyoonekana mzima, na nyingine ya namba ya sukari. Kalamu ifungwe kwa uzi hapohapo. Kabla ya kuibandika, geuzeni kichupa cha stripu msome tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha mfunge kifuniko chake vizuri, maana joto na unyevu wa pwani huziharibu kabla ya tarehe hiyo kufika.